Herufi elfu nne asizozijua mtu

Haya ndo niliyoongea Jumamosi kwenye kikao chetu cha wachoraji na wachapaji. Mmeniomba sana niyaweke kwa maandishi, kwahiyo nimeyaacha karibu yote kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Asalaam aleikum, habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni. Nashukuru mmekuja na mvua yote hii. Nimeambiwa niongee kuhusu wino na karatasi za Kichina na hawa wasanii wa siku hizi wanaojaza navyo chumba kizima badala ya kuviweka kwenye fremu, wenyewe wanaita instalesheni, yani kazi huiangalii ukutani tu, unaingia ndani yake na miguu yako. Nitaongea zaidi kuhusu mtu mmoja, Xu Bing, manake ndo aliyenigeuza mimi, wengine nitawagusa nikipita.

Ila naomba nianzie Pangani kwa bibi yangu mzaa mama. Bibi herufi za kizungu hakuzijua hata moja, na za Kiarabu alizitambua zile za kwenye juzuu tu, tena kwa kuzikariri. Lakini akiwa njiani akaona chini kipande cha karatasi kina maandishi ya Kiarabu, hata kama ni kipande cha boksi la tende, alikuwa anainama na mgongo wake ule mbovu anakiokota, anakifuta mchanga kwa upindo wa kanga, anakichomeka kwenye ufa wa ukuta juu kabisa ambako mguu wa mtu haufiki. Siku moja nikamwambia bibi, hilo ni tangazo la tende tu. Akanitazama, akaniuliza, umelisoma? Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa sijalisoma, na nisingeweza. Ule ufa ulikuwa umejaa mpaka karatasi zinachungulia nje kama manyoya ya ndege.

Nilipofika China kusoma uchapaji, kwa skolashipu, nikakuta wazee wao zamani walikuwa na adabu ileile. Karatasi yenye maandishi haikutupwa jalalani wala kukanyagwa, iliokotwa ikachomwa kwa heshima kwenye vitanuru vidogo vilivyojengwa kwa kazi hiyo tu. Mi niliposikia hivyo nilimkumbuka bibi palepale darasani.

Sasa mwaka 2018 Beijing kulikuwa na maonyesho makubwa ya Xu Bing pale UCCA, jumba la sanaa za kisasa, kwenye mtaa wa 798, zamani palikuwa viwanda, leo pamejaa magalari. Nikaenda na mwenzangu wa darasani, Mchina, kijana mpole sana. Tukaingia kwenye chumba cha ile kazi yake inayojulikana sana, kwa Kichina Tianshu, yani Kitabu cha Mbinguni. Jamani. Juu kwenye dari kuna karatasi ndefu ndefu zimening'inizwa zimelegea katikati, kama matanga ya jahazi siku upepo umekatika, na zote zimechapwa maandishi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Chini vitabu vimepangwa safu kwa safu, vimefunguliwa, vimeshonwa kwa uzi kizamani na majalada yake ya buluu. Ukutani pia maandishi. Yani umezungukwa na maneno juu, chini na pembeni, na chumba kimya, unasikia viatu vya watu tu.

Nikamuuliza mwenzangu, hapa pameandikwa nini? Akaangalia. Akasogea, akainama kwenye kitabu kimoja, akahamia kingine, akainua kichwa akatafuta kwenye ile karatasi ya juu, akarudi chini. Akaniambia, sijui. Nikafikiri labda ni Kichina cha kale sana, akasema hapana, hamna hata herufi moja hapa ninayoijua, na nilimwona usoni amebadilika, kama mtu aliyeingia nyumbani kwao akakuta watu asiowajua wamekaa wanakunywa chai. Miaka miwili nzima nilikuwa mimi ndo mgeni, mi ndo nauliza hii imeandikwa nini, ile inasomwaje, kwenye basi, kwenye duka la dawa, kila mahali. Siku ile tukasimama wawili mbele ya maandishi, mi sijui na yeye hajui.

Herufi zile Xu Bing amezitunga mwenyewe, zote. Kama elfu nne. Si mchoromchoro wa kuchezea, manake herufi ya Kichina ina vipande vyake, kipande cha maji, cha mti, cha mkono, cha mtu, na vina namna yake ya kukaa pamoja ndani ya kiboksi. Yeye akachukua vipande vya kweli akaviunganisha kwa namna ambayo haikuwahi kuwepo, kwahiyo jicho la Mchina linasema naam hii ni herufi, halafu ulimi unakwama. Ni kama mi nikuandikie "mkalundizi wa shotefu ulimbwaika", sauti ni ya kwetu kabisa, unasubiri maana ije, haiji. Na mjue mwaka 1988, mwaka uleule kazi hii ilipoonyeshwa mara ya kwanza, serikali ya China ilitoa orodha ya herufi 3,500 za matumizi ya kawaida. Kwahiyo huyu bwana alitengeneza peke yake herufi nyingi kuliko zinazomtosha mtu kusoma gazeti, na za kwake hazisomi kitu.

Nyie wachapaji hapa mtanielewa zaidi. Kila herufi ameichonga kwa mkono wake kwenye kipande cha mbao, tena kinyumenyume, manake mnajua ukichonga sawa inatoka imegeuka. Sisi tukichonga jina letu tu kwenye lino tunakosea, herufi N inatutesa. Yeye alichonga maelfu, kwa mtindo wa zile chapa nyoofu za vitabu vya zamani vya enzi ya wafalme wa Song, mtindo usiokuwa na madaha, hauonyeshi mkono wa mtu, ndo maana ukiviona vile vitabu unaamini kabisa ni vitabu vya maana kubwa. Alianza 1987, mwezi wa 10 mwaka 1988 akaonyesha sehemu ya kwanza kwenye jumba la taifa la sanaa Beijing, na hakusimama mpaka 1991, akatoa kitabu cha juzuu nne, zaidi ya seti mia, kila seti na kisanduku chake cha mbao. Alipeleka kazi kwenye karakana ya kijijini ambako bado walikuwa wanachapa na kushona vitabu kwa njia ya zamani. Nafikiria wale mafundi kila siku. Wanapanga herufi, wanapaka wino, wanalaza karatasi, wanasugua, wanabandua, ukurasa baada ya ukurasa, na mwenye kazi ameshawaambia kwamba haisomeki.

Kwanini mtu afanye hivyo? Mi nimesoma maelezo mengi ya wataalamu, mengine mazito mpaka yanachosha, ila naona lazima uanzie utoto wake. Kazaliwa Chongqing 1955, kakulia Beijing kwenye chuo kikuu, baba mwalimu wa historia, mama kazi yake mambo ya maktaba. Mtoto akawa anazungukwa na vitabu kabla hajajua kusoma, anaviona migongo tu. Alipojifunza, serikali ikawa inazirahisisha herufi, ulizojifunza juzi leo zimepunguzwa mistari, na mwaka 1977 wakatoa orodha nyingine ya kurahisisha ambayo baadaye ikafutwa kabisa. Kabla ya hapo, mwaka 1966, yalikuja Mapinduzi ya Utamaduni, ule msukosuko wa kisiasa wa Mao, mabango ya karatasi yenye herufi kubwa yakabandikwa kila ukuta, na bango lile lilikuwa linaweza kummaliza mtu, jina lako likiandikwa pale umekwisha. Baba yake alishutumiwa. Na yeye mwenyewe kijana ana mwandiko mzuri, kwahiyo akawa anatumiwa kuandika. Mwaka 1974 akapelekwa kijijini akakae na wakulima, na huko pia mwandiko wake ukawa unahitajika. Mtu kama huyo, ambaye wino uleule ameuona ukiwa elimu na ukiwa fimbo, akikaa miaka akichonga herufi safi kabisa zisizoweza kumdanganya wala kumshtaki mtu yeyote, mi simshangai.

Watu Beijing waligawanyika. Wengine waliisifu, wengine wakasema huu ni upotevu. Kuna mhakiki mmoja aliiandika vibaya kwenye gazeti la fasihi na sanaa, akasema kazi hii ni kama mizimu inayopiga ukuta, ni msemo wao, maana yake mtu aliyepotea usiku anazunguka palepale anadhani anaenda mbele. Xu Bing akalichukua lile tusi akalifanya jina la kazi iliyofuata.

Kazi yenyewe sasa sikilizeni. Mwaka 1990 alienda Jinshanling kwenye Ukuta Mkuu wa China, yeye na wanafunzi na wakulima wa pale, wakapandisha majukwaa, na kwa zaidi ya wiki tatu wakawa wanauchapa ukuta. Si kuupiga picha. Mnakumbuka shuleni tulivyokuwa tunaweka shilingi chini ya karatasi tunasugua na penseli mpaka anatokea Mwalimu na kipara chake? Ndo hivyohivyo, ila shilingi yao ni mnara wa ulinzi na kipande cha ukuta. Unalowesha karatasi, unaibandika kwenye jiwe, unaipigapiga kwa brashi mpaka inaingia kwenye kila ufa, ikikaribia kukauka unachukua kifurushi cha kitambaa chenye pamba ndani umekichovya wino kidogo, unadonoadonoa taratibu. Palipoinuka panakuwa peusi, palipobonyea panabaki peupe. Ni ufundi wa zamani sana kwao, walikuwa wanakopi hivyo maandishi ya kwenye mawe. Halafu akahamia Marekani mwaka uleule, na 1991 akaining'iniza ile kazi Madison, Wisconsin, ukuta mzima wa karatasi unapanda mpaka dari, na chini akamwaga kilima cha udongo juu ya mwisho wa karatasi, kama kaburi. Ukuta uliojengwa kuzuia watu, umesafirishwa umekunjwa.

Nataka niwaonyeshe karatasi yenyewe, nimekuja nayo, naomba mshike kwa mikono mikavu.

Hii inaitwa xuan. Ya kweli inatoka wilaya ya Jing mkoa wa Anhui, inatengenezwa kwa magome ya mti wao unaoitwa qingtan pamoja na mabua ya mpunga, na mabua yale yanaanikwa mlimani miezi na miezi, yanapigwa jua yanapigwa mvua mpaka yanakuwa meupe yenyewe. Rojo likishakuwa tayari watu wawili wanashika chekeche la mianzi, mmoja huku mmoja kule, wanalichovya kwa pamoja na kuliinua kwa pamoja, mmoja akichelewa kidogo tu karatasi ina unene upande. Unesco waliuweka ufundi huu kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009. Na huu ni wino, kijiti kigumu kama kipande cha chokoleti, ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya wanyama, yakapigwapigwa, yakakaushwa taratibu. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani na mbao tunaujua huu ni ndugu wa wino wetu, masizi na gundi ya mti, unaandika aya kwenye ubao, ukishahifadhi unaosha. Unusikie, una harufu ya kafuri kidogo.

Angalieni hapa. Naweka maji matone matatu kwenye jiwe la kusagia wino. Nazungusha kijiti bila kukandamiza. Ukikandamiza unapata chenga, na ukiharakisha unapata povu, kwahiyo mkono lazima utulie wenyewe. Mwalimu wangu alikuwa anatusagisha robo saa nzima kabla hajaturuhusu kushika brashi, mwanzoni nilikasirika sana, nilikuja kuelewa kwamba robo saa ile ndo somo lenyewe. Sasa nachovya, nagusa karatasi mara moja tu. Ona. Nimetoa brashi lakini doa bado linatembea. Katikati nyeusi, pembeni inakwenda kijivu, pembeni zaidi maji matupu yametangulia yanatafuta njia kwenye nyuzi za karatasi, na pale yatakapokauka pataacha ukingo kama ukingo wa bahari kwenye mchanga maji yakitoka. Wachina wanasema wino mmoja una rangi tano. Na karatasi hii haisamehe, huwezi kufuta, huwezi kupaka juu ukaficha, ukisita sekunde moja kusita kwako kumeshaandikwa.

Sa ndo muone uzito wa kazi ya msanii mwingine wa Kichina, Qiu Zhijie. Huyu kuanzia 1990 alichukua maandishi ya Wang Xizhi, bingwa wao wa kale wa kuandika kwa brashi, ya mwaka 353, Dibaji ya Banda la Orkidi, ambayo kila anayejifunza kuandika kwa brashi anayakopi, akayakopi mara 1,000 juu ya karatasi moja. Ileile. Baada ya mara kadhaa haisomeki, baadaye ni weusi tu, na yeye anaendelea kuandika kila neno kwa mpangilio wake juu ya weusi, mpaka 1995. Yang Jiechang naye Paris mwaka 1989, kwenye maonyesho ya jumba la sanaa la Pompidou, alileta makaratasi makubwa aliyoyapaka wino safu juu ya safu mpaka karatasi imejikunja na weusi umeanza kung'aa kama ngozi. Na Song Dong tangu 1995 anaandika shajara yake kila siku juu ya jiwe kwa maji matupu, inakauka inapotea, jambo alilolipata kwa baba yake aliyemfundisha afanye mazoezi kwa maji ili wasimalize wino na karatasi. Hilo la baba linanigusa kuliko kazi yenyewe, manake hata hapa nani hajafanya mazoezi nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita.

Kuna wanaoniambia karatasi haiuziki Dar, mteja anataka Tingatinga ya kwenye turubai anayoweza kuikunja aende nayo. Ni kweli kabisa, sibishi. Mi mwenyewe nshawahi kuning'iniza karatasi zangu kumi na mbili kwenye ukumbi fulani, usiku mvua ikavuja, asubuhi nikakuta wamezirundika kwenye ndoo ya dekio. Nilikaa chini. Lakini sikuhamia kwenye turubai, na sababu ni ile siku ya 2018, chumba cha pili.

Chumba cha pili kilikuwa na kazi nyingine ya Xu Bing, ya mfululizo alioanza Berlin mwaka 2004, kwenye jumba la makumbusho ambalo michoro yake ya Asia ilichukuliwa na jeshi la Kisovieti mwisho wa vita ya pili ya dunia. Mbele unaona mchoro wa wino, milima, ukungu, miti ya misonobari, mzuri mpaka unapunguza sauti. Ukizunguka nyuma hamna mchoro. Kuna kioo cha ukungu, na nyuma ya kioo vijiti vikavu, majani, nyuzi za katani, karatasi iliyofinyangwa, mifuko ya plastiki, vimeshikizwa na selotepu, na taa. Kitu kikigusa kioo mbele kinaonekana kikali, ukikisogeza nyuma kidogo kinafifia, ukikisogeza zaidi kinakuwa ukungu, yani uleule mtembeo wa wino kwenye xuan lakini wino haupo. Nilikaa nyuma ya kile kioo muda mrefu kuliko mbele. Takataka zile ndo hizihizi zinazoziba mitaro yetu.

Na la mwisho ni la huku kwetu, wengi hamlijui. Katikati ya miaka ya 2000 Xu Bing alikuja Kenya, kule Mlima Kenya, nchi ya Wangari Maathai aliyeanza kupandisha watu miti mwaka 1977. Akakaa na watoto wa shule akawafundisha kwamba kwa Kichina herufi ya mti ni mti, ukiweka miwili pamoja ni msitu mdogo, mitatu ni msitu mkubwa, na mradi akauita hivyohivyo, Mu Lin Sen. Watoto wakachora miti kwa kutumia maandishi, herufi za huku na za kule zikawa matawi na mizizi. Michoro ikauzwa kwa mnada kwenye intaneti, pesa zikarudi kupanda miti ya kweli palepale mlimani, hesabu yake ikiwa kwamba nauli ya treni ya chini ya ardhi New York huku inapanda miche kadhaa. Halafu, na hapa ndo mi nampenda, yeye bingwa alikaa chini na wino na karatasi akaikopi miti ya wale watoto, mmoja mmoja, mstari kwa mstari kama walivyouchora wao na makosa yao, kwa nidhamu ileile ambayo mwanafunzi wa Kichina anamkopi nayo bwana mkubwa wa miaka mia saba iliyopita, mpaka ikawa msitu mmoja mkubwa wa wino. Mtoto mmoja anayelisha mbuzi Kirinyaga mti wake umekopiwa hivyo.

Haya, nimeongea vya kutosha. Mawe ya kusagia ninayo mawili tu, kwahiyo tupeane zamu, wadogo waanze. Maji yako kwenye lile jagi. Karatasi zitakazoharibika msizikunje wala msizitupe, nileteeni hapa mezani, nitaondoka nazo.